Nimewaondolea Theluji na Sijapewa Hata Asante

Duane Rautiola,
Barabara ya Kinu cha Mbao,
Little Otter, Peninsula ya Juu, Michigan.

Kwa Bi. Joanne Beauchamp,
Mwenyekiti, Kamati ya Njia za Baiskeli za Theluji.

Ndugu Mwenyekiti,

YAH: THELUJI KUTUNZWA, MKE WANGU KUZIDI AFYA, NA MIMI KUTOSHUKURIWA

Natumaini barua hii itakukuta mzima, ukiwa umekaa mahali penye joto kama anavyostahili kukaa mtu mzima katika mwezi wa Februari. Ikiwa imekukuta juu ya baiskeli, tafadhali shuka kwanza.

Unanifahamu vizuri. Mimi ndiye niliyeendesha gari la kuondoa theluji la kaunti hii kwa zaidi ya miaka thelathini. Siku uliyozaliwa, baba yako alimfikisha mama yako hospitalini akinifuata nyuma polepole, mimi nikiwa mbele na taa za njano zinazunguka, nikiwafungulia barabara. Sitaki kukukumbusha jambo hilo. Nalitaja tu.

Naandika kwa heshima zote na bila hasira. Hasira nilikuwa nayo wiki iliyopita, nikaimaliza kwa kupasua kuni, na sasa tuna kuni za kutosha mpaka mwakani. Naandika kwa sababu kamati yako imetangaza kwamba mashindano ya Jumamosi ijayo, yale ya kuzunguka Ziwa Otter kwa baiskeli za matairi manene, hayatafanyika, na sababu mliyoitoa mbele ya watu ni mimi. Marlys, mke wangu, alikuwa amejiandikisha kwa mara ya kwanza maishani. Tangu apasuliwe na kuwekewa nyonga ya chuma, amekuwa akisema neno moja tu, "Nitalizunguka lile ziwa kwa nguvu za miguu yangu mwenyewe." Namba yake ya mashindano imebandikwa kwenye mlango wa friji mpaka leo. Kila nikienda kuchukua maziwa, inanitazama.

Kwa hiyo naomba malalamiko yangu yasomwe kwenye kikao kama ifuatavyo.

1. Kwamba mnatunza theluji.

Nimelitafakari jambo hili nikiwa kwenye sauna, kile chumba cha mvuke, mahali ambapo mtu hukaa uchi na hana sababu ya kujidanganya. Theluji, Ndugu Mwenyekiti, ni takataka inayotoka juu. Inatuangukia kuanzia Oktoba kwa sababu lile ziwa kubwa la kaskazini yetu, linalotuletea mawingu, halina adabu, na kazi ya mtu mwenye akili ni kuisukuma kando kabla haijazika sanduku la barua. Kwa kazi hiyo nililipwa mshahara, nikapewa koti la rangi ya machungwa, na siku ya kustaafu nikakatiwa keki yenye umbo la gari langu, bamba la mbele la kusukumia theluji likiwa la sukari. Hakuna aliyewahi kunikatia keki kwa kuiacha theluji mahali pake.

Sasa mtazame Kip Lindqvist, fundi wenu. Anapita kwenye tuta la reli ya zamani na pikipiki yake ya theluji, nyuma anaburuta lile dude la chuma alilolichomelea kutokana na chaga za vitanda viwili. Anapita mara ya kwanza. Anarudi mara ya pili. Anashuka, anaibonyeza theluji kwa dole gumba kama mtu anayeangalia kama mkate umeiva, anatikisa kichwa kwa furaha, anaondoka. Na theluji yote iko palepale.

Nilimsimamisha siku moja nikamwambia, "Kip, umesahau kitu."

Akasema, "Nini tena, Mzee Duane?"

"Theluji, bwana. Umeiacha barabarani."

Alicheka mpaka barafu ikamdondoka kwenye ndevu. "Mzee wangu, hiyo ndiyo barabara yenyewe."

Katika idara yetu, dereva aliyepita barabarani akaiacha theluji nyuma yake aliitwa ofisini na mlango ukafungwa. Huyu wenu mnampikia supu.

2. Kwamba mnalegeza matairi.

Kila aliyelelewa vizuri katika mji huu anajua kwamba tairi hujazwa upepo mpaka ukilipiga teke linalia. Mwezi wa Desemba, nikiwa mume mwema, niliichukua baiskeli ya Marlys, nikaipeleka gereji kwenye mashine ya upepo, nikaijaza vilivyo. Sikutaka sifa. Niliirudisha kimyakimya na kuegemeza ukutani.

Alirudi akiwa anaisukuma kwa mkono, theluji imemjaa mpaka kwenye nyusi. Akasimama mlangoni akauliza nani amegusa matairi yake. Nyumbani tuko wawili na mbwa, na mbwa akageuka akanitazama mimi.

Basi akaniita nje kama mwanafunzi. Akabonyeza kidude cha kwenye tairi, upepo ukatoka fyuuu, ukaendelea kutoka mpaka nikafikiri amelitoboa. Tairi likakaa chini kama mtu aliyeshiba. "Yakiwa magumu yanazama, Duane," akaniambia. "Yakilegea yanatandaza, yanapita juu. Hivi miaka thelathini na kitu kwenye theluji hukuwahi kuijua theluji?"

Kwa hiyo siku hizi kitu kikilegea ndiyo kimetengenezwa. Nilimwambia basi mimi nimeshatengenezwa tangu siku niliyostaafu. Hakucheka, ingawa nilimwona akigeukia ukuta.

3. Kwamba mmempa mke wangu afya kupita kiasi.

Hili ni zito, na naomba wajumbe waache kunywa kahawa wakati linasomwa.

Sisi tulikuwa na utaratibu wetu wa majira ya baridi. Msimu wa kuwinda kulungu ukiisha Novemba, tunaingia ndani, tunafunga mlango, tunakula. Tunakula pasti, ile mikate ya kukunja yenye nyama na viazi ndani, tunakula mkate wa iliki kwa mapishi ya mama yake, tunacheza karata, tunalalamika kuhusu baridi, tunalala mchana ili tuwe na nguvu za kulala usiku. Ifikapo Aprili tunatoka nje tumenenepa kwa heshima, magoti yanalia, na tunawakuta majirani wako vilevile, kwa hiyo hakuna anayemcheka mwenzake. Wazazi wetu waliishi hivyo. Baadhi yao walifika mpaka miaka sitini.

Wewe ukamwazima baiskeli. Ulisema ni kwa ajili ya nyonga tu, ili isigande. Nakumbuka maneno yako: "Mwache azunguke kidogo tu, Bwana Duane, uwanjani pale, akichoka arudi." Bi. Joanne, mtu huyo hajachoka mpaka leo.

Akishakunywa uji wake anatoka. Zamani ilikuwa asubuhi ni asubuhi. Sasa asubuhi ni mavazi. Kwanza nguo nyembamba ya sufu, halafu ya pili, halafu koti jepesi ambalo mimi nisingemvisha hata mwanasesere. Nikimwambia aongeze koti ananisomea somo: "Ukitoka mlangoni unasikia joto, umekosea. Utatoka jasho, jasho litaganda, na hapo ndipo utakapokufa. Toka ukiwa unatetemeka kidogo, Duane, mwili utajipasha wenyewe." Mimi sijawahi kutoka mlangoni kwa hiari nikiwa natetemeka. Nilitoka nikiwa ndani ya gari lenye mashine ya joto.

Kwenye usukani amefunga ile mifuko mikubwa ya kuingiza mikono isipate baridi. Ni mizuri. Lakini ndani ya mfuko wa kulia anaweka pasti, ili isigande, na pasti hiyo ni yangu. Anaigawana na wenzake wakifika daraja la Otter. Nimesikia wanaisifu sana.

Anarudi mashavu mekundu, kope zimeota barafu, mdomo haufungi. Duane, nimemwona bundi mweupe. Duane, nimepanda kilima cha kinu bila kushuka. Duane, shika hapa, ona paja lilivyo gumu. Nikashika. Ni gumu kweli. Mwanamke ana miaka sitini na sita, paja lake ni kama gogo la mwaloni, na mimi la kwangu naomba tusilizungumze.

Daktari amempunguzia vidonge vya presha. Ningelisamehe hilo. Lakini alipomaliza kumsifu, alinigeukia mimi, niliyekuwa nimekwenda kama dereva tu. Akaniuliza, "Na wewe, Bwana Rautiola, unafanya mazoezi gani?" Nikamjibu kwamba nampeleka mke wangu kwa daktari. Akaandika kitu kirefu.

Na kuna la mwisho katika kifungu hiki, ambalo nilikuwa nimeamua nisiliandike. Tangu tuoane, miguu ya Marlys ilikuwa baridi kuanzia Oktoba. Akipanda kitandani anaiweka kwenye mashavu ya miguu yangu, nami napiga kelele, naye anacheka. Hiyo ndiyo ilikuwa kazi yangu ya pili, na sikuwahi kulipwa wala kudai. Sasa damu yake inazunguka vizuri. Miguu yake ina moto. Haihitaji kitu. Naomba kamati inieleze, mume wa mwanamke mwenye miguu ya moto anafanya kazi gani katika nyumba?

4. Kwamba niliwafungulia njia na mkanitazama kama mwizi.

Sasa nakuja kwenye tukio lenyewe, ambalo nimesikia likisimuliwa vibaya kwenye duka la chambo.

Jumanne ile Marlys alikwenda kwa daktari wa meno. Theluji ilikuwa imeanguka tangu juzi yake, nzito, na mimi nilikuwa na wasiwasi. Naliandika hili waziwazi kwa sababu watu wanasema nilifanya kwa wivu. Nilikuwa na hofu. Nilimwona kichwani mwangu akiteleza juu ya theluji ile, anaangukia nyonga, yuko peke yake msituni na pasti yangu mfukoni. Nikaamua kwenda kuitazama njia.

Nikakuta Kip ameshapita na chaga zake, na kama kawaida yake ameiacha theluji yote. Safari hii alikuwa ameweka na kamba, na bango lisemalo njia imefungwa, theluji inaganda, mtu asikanyage. Mmeniuliza mara nyingi kama niliona bango. Niliona. Bango jekundu, nisilione vipi? Lakini, Ndugu Mwenyekiti, tangu lini bango la njia kufungwa likamhusu mtu mwenye gari la kuifungua? Maisha yangu yote, watu wakikutana na bango kama lile walikuwa wanasimama, wanazima injini, wanasema, tumsubiri Duane.

Duane alikuwa ameshafika. Nikafungua kamba, nikaikunja vizuri, nikashusha bamba la pikapu yangu.

Nilifanya kazi ile tangu stesheni ya zamani mpaka daraja la Otter. Tuta lile ni pana kiasi cha gari moja, halizidi wala halipungui, utafikiri wale wa reli walikuwa wananifikiria mimi. Theluji ilijikunja pembeni kulia na kushoto kwa ukuta ulionyooka. Chini kabisa kulikuwa na tabaka gumu jeupe ambalo lilinishinda mara ya kwanza, nikarudi nyuma, nikalipiga tena kwa pembe ya bamba mpaka likaachia vipandevipande. Nikafika kwenye changarawe. Baridi ilikuwa kali mno kwa chumvi kuyeyusha barafu, na kwa kuwa mimi si mtu wa kazi nusunusu, nikamwaga mchanga.

Darajani niligeuza, nikashuka, nikatazama nyuma. Sijawahi kufanya kazi nzuri kama ile, hata nilipokuwa nalipwa. Nikaona Marlys akipita hapo, matairi yameshika, nyonga iko salama, anajiuliza ni nani huyu amemfikiria hivi. Moyo ulinijaa. Niliimba njia nzima ya kurudi.

Stesheni nikawakuta nyote mmesimama, wewe, Kip, na watu wa klabu na mabeleshi yao. Ukasema kwa sauti ndogo sana, "Bwana Duane. Umefanya nini?"

Nikasema, "Hakuna haja ya kunishukuru."

Na kweli hamkunishukuru. Kip alivua kofia, katika baridi ile. Akatembea hatua chache, akachuchumaa, akabonyeza changarawe kwa dole gumba. Akasema, "Hii tumeijenga tangu Desemba, mzee." Ndipo nikaelezwa, na watu wengi kwa wakati mmoja, kwamba lile tabaka gumu lililonipa taabu ndilo lilikuwa njia yenyewe, kwamba kila theluji ikianguka mnaishindilia juu ya ya zamani, mnaiacha igande, mnaongeza nyingine, kwamba baiskeli nene haitaki barabara safi, inataka theluji iliyoganda, na kwamba bila kipande kile ziwa halizungukiki, na utabiri ulikuwa unasema jua kali na baridi kavu wiki nzima, bila theluji mpya.

Mtu mmoja akaniuliza kama najua nimefanya uharibifu wa kiasi gani. Nikamjibu kwa adabu kwamba kwa viwango vya kaunti, uharibifu ule ungenipatia keki nyingine.

5. Kwamba nimetiwa hatiani nusu tu.

Nimelipeleka jambo hili mbele zaidi, kama inavyompasa raia. Ikiwa kuondoa theluji njiani ni kosa, basi mimi si mtu wa kosa moja. Mimi ni mhalifu mkubwa kuliko wote waliopata kuishi katika kaunti hii. Nimeharibu njia mbele ya kanisa. Nimeharibu njia ya shule, tena kabla ya kengele, watoto wakinipungia mikono. Nimeharibu njia ya hospitali mara nyingi sana, na wewe mwenyewe ulizaliwa kutokana na uharibifu huo. Nina vifaa, nina ujuzi, sina majuto.

Nilimpigia sherifu, mkuu wa polisi wa kaunti, nijisalimishe. Aliyepokea simu akasema, "Mzee Duane, kalale." Nikamwambia mhalifu hatumwi kulala. Akasema basi nile kwanza, halafu nikalale.

Kwa hiyo naiomba kamati inijibu kwa maandishi. Je, chumba cha mahabusu kina joto la kutosha? Je, kaunti iliyonilipa mshahara kwa uhalifu huo itawekwa chumba cha pili? Je, niirudishe ile keki kama ushahidi, na ikiwa ndiyo, nifanyeje, kwa kuwa niliila? Na ikiwa mtaona kwamba kuondoa theluji si kosa, basi naomba asante yangu. Chagueni moja. Hamwezi kuacha jambo katikati ya barabara kama Kip.

6. Kwamba mke wangu sasa anakaa.

Hiki ni kifungu kifupi.

Nilidhani Marlys angenigombeza. Nilijiandaa. Nilivaa hata koti, nikijua nitatolewa nje. Alisikiliza habari yote amesimama jikoni, nusu ya mdomo bado ina ganzi ya daktari wa meno, kisha akasema, "Ulitaka nisianguke." Nikasema ndiyo. Akasema, "Haya." Akaenda akakaa kwenye kiti chake karibu na dirisha.

Amekaa hapo wiki yote. Anafuma soksi. Anatazama televisheni. Anakula mkate wa iliki ninapompa, vipande viwili, vitatu, hasemi hapana. Mchana analala. Ni mambo yaleyale niliyoyadai tangu Desemba kwa sauti kubwa, na sasa nimeyapata yote pamoja, na nakueleza kwamba sijawahi kuona kitu kinachonitia huzuni kama kile. Hana hasira. Anapanda ngazi akiwa ameshika mbao za pembeni. Jana alisema nyonga inauma kidogo. Hajasema hivyo tangu aanze kupanda baiskeli.

Nailalamikia kamati kwa hili pia, kwa sababu sijui pengine pa kulipeleka.

MAOMBI YANGU

Kutokana na hayo, naomba yafuatayo: kamati ipitishe sheria ndogo kwamba theluji ni takataka na mahali pake ni pembeni, mazoezi ya mwili yapigwe marufuku kuanzia Novemba mpaka Aprili, isipokuwa kwa kibali cha mume, Kip apewe mafunzo ya kuondoa theluji, nami nitamfundisha bure, kibao kidogo cha shaba kiwekwe darajani kikieleza kazi iliyofanyika Jumanne ile, na mtu yeyote mwenye ushawishi kwa mke wangu aje nyumbani amwambie anigombeze, tena vizuri, kwa sauti, kwa sababu ukimya huu tumeshindwa kuuvumilia mimi na mbwa.

Nafunga kwa kukutakia wewe na wajumbe wote kiti kizuri na soksi kavu. Nisalimie mama yako, na umkumbushe safari ile ya hospitali. Nisalimie Kip na ndevu zake. Nisalimie wale wa duka la chambo, pamoja na yule anayesimulia vibaya. Nisalimie mama wa posta, ambaye najua atakuwa ameisoma barua hii kabla yako, na nimwombe asiikunje upya vibaya kama ile ya Krismasi.

Wako katika utumishi wa barabara zilizo safi,

Duane Rautiola,
Dereva Mstaafu.

N.B. Bahasha ilikuwa imeshafungwa na kukaa mezani siku kadhaa, nikaifungua kwa mvuke wa birika, kwa sababu kuna jambo la dharura.

Naomba kamati ipige marufuku, kuanzia saa hii hii, mtu, mbwa, au kulungu yeyote kukanyaga tuta la reli kati ya stesheni na daraja la Otter. Theluji iliyopo pale inaganda. Ni yangu. Nimeibeba mwenyewe kwa pikapu, kutoka uani kwangu, kutoka uwanja wa kanisa, na kutoka nyuma ya shule, ambako ilikuwa safi isiyo na mchanga. Mchanga wangu wa kwanza niliufagia kwa mkono. Watu wa klabu yako walikuja siku ya pili kunitazama, siku ya tatu wakaja na mabeleshi, na sasa tumemaliza. Nilitumia siku nzima kuitandaza kwenye kona ya kinu peke yake. Nadhani nimepungua uzito, lakini hilo lisiandikwe kwenye kumbukumbu za kikao.

Kip ameiburuta mara mbili. Niliibonyeza kwa dole gumba nikamwambia bado, irudie. Akasema, "Mzee Duane, utaniua na kazi." Akairudia.

Leo asubuhi mtu mmoja wa kutoka kusini alipita hapo na mbwa wake na viatu vizito, akaacha mashimo tangu mwanzo wa kamba mpaka kwenye mti wa tatu. Nilimweleza theluji ni kitu gani na inachukua muda gani kujengwa. Nadhani alielewa, kwa sababu alirudi mbio. Mashimo nimeyajaza.

Marlys alikuja mchana. Alikuja juu ya baiskeli. Akashuka, akabonyeza theluji, akatoa upepo kidogo kwenye tairi la mbele, akapita mpaka kona ya kinu na kurudi, mimi nimeshika beleshi kama mjinga. Akasimama mbele yangu akasema, "Kona pale bado ni laini, wee mzee mharibifu. Mwanaume mwenye akili timamu angeuliza kwanza. Miaka yote ile kwenye theluji, kumbe unajua kuisukuma tu." Akaendelea hivyo kwa muda mrefu, kwa sauti ya juu, mpaka Kip akazima pikipiki ili asikie vizuri. Sijafurahi hivyo tangu nilipooa. Ombi langu la mwisho hapo juu lifutwe basi, limetimia. Na yale mengine yafuteni tu.

Kimebaki kitu kimoja. Pale njia inapokata barabara ya kaunti, lile gari la kuondoa theluji lilipita jana na kuisukuma theluji yetu yote mtaroni, mpaka lami ikaonekana. Nimeshamwandikia mkuu wa idara barua kali. Lakini Jumamosi, mashindano yakifanyika, nani atalinda hapo? Naomba nafasi hiyo nipewe mimi. Nitairudisha theluji kabla ya mapambazuko, halafu nitakaa katikati ya kivuko mpaka Marlys apite. Dereva wa gari lile nilimfundisha mimi mwenyewe, na nilimfundisha asisimame kwa ajili ya mtu yeyote, kwa hiyo nitakuja na kiti.

D.R.